Umewahi Kulipwa Kucheza?

Jumamosi moja baada ya mazoezi, mama wa msichana anayeturushia mpira alinisubiri kwenye lango la shule ya msingi tunakoazima uwanja. Alikuwa ametoka sokoni, kiondo begani, sukuma wiki zikichungulia. Hakupoteza wakati na salamu.

"Kocha, hebu niambie ukweli. Huyu mtoto siku hizi haoshi vyombo, ni mpira tu. Hii softiboli itamlipia karo?"

Nikamwambia, "Mama, nipe hadi Jumamosi ijayo nikujibu vizuri."

Jumamosi iliyofuata nilimkwepa. Nilitokea upande wa jikoni ya shule kama mtu anayedaiwa, na kwa kweli nilikuwa nadaiwa. Nadaiwa jibu na yeye, na nadaiwa karo na chuo kimoja ambacho sikumaliza. Hayo madeni mawili yana uhusiano, na ndiyo sababu naandika haya.

Nilipokuwa chuoni nilikuwa mdakaji wa timu ya softiboli. Mdakaji ni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, anadaka kila mpira uliokosa gongo, na usiku anashuka ngazi akishikilia ukuta. Glavu niliyopewa ilikuwa ya mtu wa shoto, yaani inavaliwa mkono wa kulia. Mimi si wa shoto. Kwa hivyo nilikuwa nadaka, navua glavu, ndio narusha. Kufikia hapo mkimbiaji wa timu pinzani alikuwa ameshafika na ameketi. Nililalamika, nikaambiwa glavu ni hiyo.

Mwaka wa tatu karo ilinishinda. Ukifungua ukurasa wako wa mwanafunzi unaona salio jekundu, na mtihani huwezi kujisajilia. Beste yangu tuliyekuwa tukiishi naye akaniambia, "Kwani wewe si unacheza ule mchezo wa majuu? Omba ufadhili. Marekani wanasomesha wasichana bure juu ya hiyo kitu." Nikaandikia makocha kumi na mmoja wa vyuo vya Marekani. Kumi walinyamaza. Mmoja alijibu, kwa adabu, na maswali matatu. Nina umri gani? Nina video? Na je, nimewahi kulipwa kucheza?

Hilo la tatu lilinichekesha hadi nikamsomea beste. Malipo yangu makubwa zaidi yalikuwa nauli ya shilingi mia mbili na soda, na soda yenyewe ilikuwa moto. Nikajibu kwamba hapana, sijawahi. Nikatuma video ya simu ambayo nusu yake ni kisogo cha mtu. Kocha akanishukuru na kuniambia hana nafasi. Sikuonewa. Sikuwa mzuri wa kutosha, na nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mwezi uliofuata nilifunga virago nikarudi nyumbani. Glavu niliondoka nayo. Wakitaka, waiongeze kwenye deni.

Lakini lile swali halikuniacha. Mimi namwomba mtu anilipie, na yeye ananiuliza kama nimewahi kulipwa, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama nimewahi kufungwa jela. Kulipwa ni dhambi kwani? Na kama ni dhambi, ufadhili wenyewe ni nini? Nilianza kusoma historia ya huo ufadhili usiku, kwa bando za shilingi ishirini. Nilichokipata sicho nilichotarajia.

*

Tuanze na mchezo wenyewe. Mwaka 1887, siku ya sikukuu ya Kutoa Shukrani, wanaume kadhaa walikuwa wamekaa kwenye klabu ya wapiga makasia ya Farragut mjini Chicago, wakisubiri matokeo ya mechi ya Yale na Harvard. Matokeo yalipofika, mmoja akamtupia mwenzake glavu ya ndondi kwa furaha, na mwenzake akaipiga kwa fimbo. George Hancock, mwandishi wa habari, akaifunga ile glavu kwa kamba mpaka ikawa mpira, akachora mistari sakafuni, na wakacheza. Softiboli ilizaliwa ndani ya nyumba, wakati wa baridi, na watu waliokuwa wakipoteza muda. Jina lenyewe lilikuja baadaye sana, mwaka 1926.

Mwaka 1933, hapohapo Chicago, kikaundwa chama cha kuusimamia mchezo. Kiliitwa Amateur Softball Association. Angalia neno la kwanza. Amateur ni mchezaji wa ridhaa, anayecheza kwa mapenzi bila malipo. Neno hilo lilikaa kwenye jina la chama kwa miaka zaidi ya themanini, hadi 2017 walipojiita USA Softball.

Wanawake waliupenda mchezo huu, na viwanda viliwapenda wanawake waliocheza. Kule Stratford, Connecticut, kiwanda cha Raybestos kilichotengeneza breki za magari kiliunda timu mwaka 1947 na kuiita Brakettes. Kiwanda kilijitangaza, wasichana wakavaa jezi, na uwanja ukajaa. Mrushaji wao maarufu alikuwa Joan Joyce. Mwaka 1961, kwenye maonyesho ya kuchangisha pesa za hisani mjini Waterbury, Joyce alimrushia Ted Williams, mmoja wa wapigaji bora kuwahi kutokea kwenye besiboli. Williams hakufua dafu. Alikuwa ndio tu amestaafu, na maisha yake yote alikuwa amelipwa vizuri kupiga mipira. Yule msichana aliyemshinda alikuwa mchezaji wa ridhaa.

Sasa uliza: msichana wa aina hiyo, mwaka 1961, angepata nini akienda chuo kikuu? Kwa upande wa wavulana jambo lilikuwa limeshatatuliwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950, NCAA, chama kinachotawala michezo ya vyuo vikuu kule, kiliruhusu vyuo kumlipia mvulana masomo kwa sababu ya kipaji chake cha michezo, awe tajiri ama maskini. Hawakuita huo mshahara. Walibuni jina, mwanafunzi-mwanamichezo, na kwa jina hilo kijana angeweza kujaza uwanja wa watu elfu themanini na bado akahesabiwa mchezaji wa ridhaa. Kwa msichana hakukuwa na kitu. Alijinunulia jezi.

*

Hapa ndipo niliposhangaa. Nilifikiri waliowanyima wasichana ufadhili ni wanaume wenye roho mbaya. Wanaume hao walikuwepo, tutawafikia. Lakini waliopiga marufuku ufadhili wa michezo kwa wasichana, kwa maandishi, walikuwa wanawake.

Walikuwa walimu wa elimu ya viungo, watu waliojitolea maisha yao kufundisha wasichana wakati hakuna aliyejali. Mwaka 1971 waliunda chama chao, AIAW, cha kusimamia michezo ya wanawake vyuoni. Walikuwa wameuangalia upande wa wavulana na hawakupenda walichokiona. Mwaka 1951 nchi ilikuwa imeona kashfa ya wachezaji wa mpira wa kikapu wa vyuo waliopokea hongo kutoka kwa wacheza kamari ili kuharibu matokeo. Waliona makocha wakizunguka nchi nzima kusaka vijana kama madalali wa ng'ombe. Waliona wavulana wanaotumikishwa miaka minne kisha wanaondoka bila shahada. Wakasema: hayo hayatawapata mabinti zetu. Kwa hivyo msichana yeyote aliyelipiwa masomo kwa sababu ya michezo hakuruhusiwa kucheza mashindano yao ya kitaifa.

Mimi siwezi kuwacheka hao walimu. Walikuwa wanajua kwamba anayekulipia ana haki ya kukuamsha saa kumi na moja asubuhi, na ana haki ya kukuacha ukivunjika goti. Hilo ni kweli mpaka leo. Na chini ya usimamizi wao mambo mazuri yalianza. Mashindano ya kwanza ya kitaifa ya softiboli ya vyuo vya wanawake yalifanyika Omaha, Nebraska, mwaka 1969, hata kabla chama hakijaundwa. Chuo kidogo cha John F. Kennedy, kutoka mji mdogo unaoitwa Wahoo, kilishinda mara tatu mfululizo, 1969 hadi 1971. Mwaka 1975 chuo hicho kilifunga milango. Mapenzi ya mchezo yalikuwepo, vikombe vilikuwepo, lakini mapenzi hayalipi bili.

Na hapo ndipo walimu wale walipokosea hesabu. Kucheza bila malipo ni rahisi kwa yule ambaye karo yake imeshalipwa na baba. Mwingine akiambiwa "cheza kwa mapenzi" anasikia "rudi nyumbani." Sheria iliyotungwa kumlinda msichana asinunuliwe ilimlinda vizuri yule ambaye hakuhitaji kuuzwa. Yule wa upande wa pili ilimfungia nje.

*

Aliyeivunja sheria hiyo hakuwa mchezaji wa softiboli. Alikuwa Fern Kellmeyer, mwalimu na mkurugenzi wa michezo katika chuo kidogo cha Marymount, mjini Boca Raton, Florida. Wachezaji wake wa tenisi walikuwa na ufadhili, na kwa hivyo wakazuiwa kushiriki mashindano ya AIAW. Januari 1973, Kellmeyer na wachezaji wakaenda mahakamani. Hoja yao ilikuwa fupi: mvulana anapata ufadhili na anacheza, msichana anapata ufadhili na anafungiwa. Hiyo ni haki ya wapi?

Kesi haikufika mbali, kwa sababu haikuhitaji. Mawakili wa upande wa pili waliiangalia, wakaona watashindwa. Ndani ya miezi michache AIAW ikaondoa marufuku, shingo upande. Kuanzia hapo chuo kingeweza kumlipia msichana masomo kwa sababu anajua kurusha mpira.

Kingeweza. Lakini ni nani angekilazimisha? Jibu lilikuwa limeshaandikwa miezi michache kabla. Tarehe 23 Juni 1972, Rais Nixon alitia saini sheria ya elimu yenye kipengele kinachoitwa Title IX, yaani Sura ya Tisa. Kiini chake kwa Kiingereza ni maneno 37, na hakuna hata moja linalotaja michezo. Inasema tu kwamba mtu asibaguliwe kwa jinsia katika mpango wowote wa elimu unaopokea pesa za serikali kuu. Miongoni mwa walioisukuma bungeni alikuwa Patsy Mink kutoka Hawaii, ambaye ujanani alitaka kuwa daktari, akaomba nafasi katika vyuo vya udaktari, vikamkataa kimoja baada ya kingine. Akasomea sheria badala yake. Kwa hiyo sheria ilitoka kwa mtu aliyejua mlango uliofungwa unavyoonekana kutoka nje.

Wanaume wa NCAA walielewa haraka kuliko wengi maana ya maneno hayo 37. Kama michezo ni sehemu ya elimu, pesa za michezo zitagawanywa. Walijaribu kuuondoa mchezo wa futiboli ya Kimarekani kwenye sheria, wakashindwa. Mwaka 1976 wakaishtaki serikali, wakashindwa. Kisha wakafanya jambo ambalo wanasiasa wetu wangelipigia makofi. Walichoshindwa kukizuia, wakakichukua. Kuanzia msimu wa 1981-82 NCAA ilianzisha mashindano yake ya wanawake, ikiwa na pesa na televisheni ambazo AIAW haikuwa nazo. Mwaka 1982 kulikuwa na mabingwa wawili wa softiboli: Texas A&M upande wa AIAW, na UCLA upande wa NCAA. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa AIAW. Kabla ya Sura ya Tisa zaidi ya asilimia 90 ya makocha wa timu za wanawake vyuoni walikuwa wanawake. Leo ni chini ya nusu. Pesa zilipokuja, kazi ikawa tamu, na wanaume wakaitaka.

*

Sasa ile hesabu ambayo beste yangu hakunielezea, kwa sababu hakuijua, na mimi sikuijua.

Futiboli ya Kimarekani katika vyuo vikubwa ilikuwa na nafasi 85 za ufadhili kamili, zote za wanaume. Sheria inadai pesa za ufadhili ziendane na idadi ya wanawake na wanaume wanaocheza, na nafasi za kucheza ziendane na idadi ya wanafunzi wenyewe, ama chuo kionyeshe kwamba kinaendelea kupanua michezo ya wanawake, ama kwamba kimetosheleza hamu yao. Kwa hivyo chuo chenye timu kubwa ya futiboli kinahitaji wasichana upande wa pili wa mizani. Softiboli inafaa sana hapo: timu ina wachezaji wengi kuliko tenisi, na vifaa vyake si ghali. Wasichana hawakupewa ufadhili kwa sababu kuna mtu alilala akaota ndoto nzuri kuhusu softiboli. Kuna mizani, na kuna mahakama nyuma ya mizani.

Hata hivyo, neno ufadhili linadanganya. Kwa miaka mingi timu ya daraja la kwanza iliruhusiwa nafasi 12 tu za ufadhili, na timu inaweza kuwa na wachezaji ishirini au zaidi. Kocha anakata keki. Mrushaji anapata sehemu kubwa, mwingine nusu, mwingine vitabu, mwingine jezi na matumaini. Daraja la pili ni nafasi 7.2, ndio, pointi mbili, kana kwamba kuna msichana wa kukatwa vipande. Daraja la tatu hakuna kitu kwa ajili ya michezo. Na kufika hapo mzazi wa Marekani anakuwa ameshatumia maelfu ya dola kwa klabu, makocha binafsi na safari za wikendi. Wengi wa wanaolipiwa ni wale waliokuwa na cha kulipa mwanzoni. Wale walimu wa AIAW wangetikisa kichwa.

Lakini wangetikisa kichwa pia mbele ya Dot Richardson, na hapo ndipo ningebishana nao. Richardson alizaliwa mwaka 1961. Akiwa mtoto, kocha wa timu ya besiboli ya wavulana alimwona akirusha mpira, akamwambia anaweza kucheza kama atakata nywele na kukubali kuitwa Bob. Alikataa. Akiwa na miaka kumi na mitatu alikuwa akicheza softiboli na wanawake watu wazima. Angezaliwa miaka ishirini mapema angekuwa Joan Joyce mwingine, shujaa wa jioni za kiwandani. Yeye alifika umri wa chuo wakati mlango umeshafunguliwa. Alichezea UCLA, akawa kwenye kikosi cha ubingwa ule wa 1982, kisha akasomea udaktari wa mifupa. Mwaka 1996 softiboli ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, aliomba ruhusa hospitalini alikokuwa akipata mafunzo, akaenda, na kwenye fainali dhidi ya China akapiga mpira ukatoka uwanjani. Marekani ilishinda 3-1. Baadaye akarudi kwa wagonjwa wake. Patsy Mink alikataliwa udaktari kwa kuwa mwanamke. Msichana wa kizazi kilichofuata aliufikia akiwa ameshika gongo.

*

Utasema hayo ni ya Wamarekani. Mlango huo ulipitisha watu wetu pia. Wanaume walitangulia: Henry Rono aliivunja rekodi nne za dunia katika siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Lakini nafasi za wanawake zilipozidi, makocha walianza kuangalia mbali, na mmoja wa walioangaliwa alikuwa Sally Kipyego. Alienda chuo kidogo cha South Plains, kisha Texas Tech, akashinda mataji tisa ya NCAA, akahitimu uuguzi, na mwaka 2012 akapata fedha ya mita 10,000 Olimpiki ya London. Watu husema ni mbio zilizompeleka. Ni kweli, ila mbio peke yake hazilipi karo. Alilipiwa na mfumo ambao Mink na Kellmeyer waliulazimisha uwepo.

Na ni Texas Tech hiyohiyo ambayo mwaka 2024 ilimchukua mrushaji NiJaree Canady kutoka Stanford. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wameruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na mkataba wa Canady wa mwaka mmoja uliripotiwa kuwa dola 1,050,024. Milioni moja ni yake, elfu hamsini za kuishi, na dola 24 kwa sababu jezi yake ni namba 24. Mwaka uliofuata akaifikisha timu fainali, wakafungwa na Texas. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Kwa vyuo vilivyokubali mpango huo, ile keki ya nafasi 12 imeondolewa. Sasa kikomo ni wachezaji 25 kwenye kikosi, na chuo kinaweza kuwafadhili wote, kikitaka.

Umewahi kulipwa kucheza? Nimemfikiria yule kocha. Sijui kama bado anauliza. Ila mgeni asifurahi haraka: mwenye viza ya mwanafunzi anabanwa na masharti ya kufanya kazi, na pesa ambazo mwenzake anachukua kwa tangazo la viatu, yeye zinaweza kumharibia makaratasi.

Naye Joan Joyce? Mwishoni mwa maisha yake alikuwa kocha wa chuo kikuu cha Florida Atlantic. Alianzisha timu yake ya softiboli miaka ya 1990 na kukaa nayo mpaka alipofariki mwaka 2022, akiwa na ushindi zaidi ya elfu moja. Chuo hicho kiko Boca Raton, mji uleule wa kesi ya Kellmeyer. Mwanamke aliyecheza wakati hakuna wa kumlipia alimaliza maisha akigawa ufadhili.

*

Mwishowe nilimtafuta yule mama mwenyewe. Nilimkuta kibandani kwake anauza viazi, akanivutia kreti niketi. Nikamwambia ukweli kama alivyoutaka.

"Mama, jibu ni la. Siwezi kukudanganya. Hakuna kocha wa majuu atakayepita hapa kutafuta mtoto. Mlango upo, lakini ni mwembamba, na wenye nchi yao wamejaa hapo. Shule ndiyo ya kwanza. Akiwa na alama nzuri na mpira, labda. Mpira bila alama, hapana."

Akamenya kiazi kizima bila kuniangalia. "Sasa mbona mnawafundisha?"

Nilijaribu kumweleza kuhusu Kellmeyer. Haikuwa rahisi kati ya wateja. Nilimwambia kwamba hata kule walikoendelea, hakuna aliyewapa wasichana pesa kwa huruma. Kulikuwa na maneno kwenye karatasi, na kulikuwa na mtu aliyeyabeba akaenda nayo mahakamani. Sisi pia tuna maneno. Katiba ya 2010 inasema si zaidi ya theluthi mbili ya wanachama wa chombo cha kuchaguliwa au kuteuliwa watakuwa wa jinsia moja. Bunge lilikaa juu ya sheria ya kutekeleza hilo hadi Septemba 2020, Jaji Mkuu Maraga alipomshauri Rais alivunje, na halikuvunjwa. Maneno bila mtu wa kuyasukuma ni karatasi ya kufungia viazi. Hilo la viazi lilimfanya acheke kidogo.

"Na mtu wa kusukuma ni huyu wangu asiyeosha vyombo?"

"Ama wenzake. Hawa kumi na wanne wanaokuja Jumamosi wanajua sasa kuuliza kwa nini wavulana wana neti na wao hawana. Mwezi uliopita waliandika barua kwa mwalimu mkuu. Sikuwaambia waandike."

Aliendelea kumenya. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. "Na wewe, mwanangu, ulimaliza shule?"

Mpaka hapo alikuwa ananiita kocha. Nikamwambia bado. Nikamwambia salio bado liko pale, jekundu vilevile, na kwamba naandika makala nikilipwa, na nikilipwa nalipa kidogo. Alitikisa kichwa, hakunipa pole, akanifungia viazi vya mia nikalipa.

Jumamosi hiyo binti yake alifika wa kwanza, mikono bado inanuka sabuni ya vyombo. Nikamtolea ile glavu yangu ya chuo. Amekuwa akitumia glavu za kuazima tangu aanze na hakuna iliyomkaa, kwa sababu yeye ni wa shoto. Akaingiza mkono wa kulia, akafungua na kufunga vidole mara mbili tatu, akaenda kusimama katikati ya uwanja akaanza kurusha.